Jinsi ya Kuchambua Majina ya Kilatini ya Miji ya Kale Yenye Asili ya Kikelti

Msomaji wa maandishi ya Kanisa hukutana na Irenaeus Lugdunensis, ndiye Mtakatifu Irenei wa Lyon. Anayefungua kitabu kilichochapwa Ulaya katika karne ya 17 huona kwenye ukurasa wa jina maneno Lugduni Batavorum, na hapo mji ni mwingine kabisa: Leiden, Uholanzi. Yote mawili yamebeba Lugdunum, jina lenye mavazi ya Kilatini na mwili wa Kikelti. Kabla ya utawala wa Roma, lugha za Kikelti zilisikika kutoka Ureno na Hispania, kupitia Galia (hasa Ufaransa ya leo) na Britania (Uingereza ya leo), hadi bonde la mto Danube, na Warumi walipoandika majina ya miji ya huko waliyatia viishio vya Kilatini tu: -um, -us, -a, -ae.

Kanuni inayoongoza mwongozo huu ni moja. Majina haya huchambuliwa kutoka nyuma kwenda mbele. Kipande cha nyuma karibu kila mara kinajulikana, cha mbele mara nyingi kina ubishi, na jina la mji la leo ni ushahidi wa mwisho kuangaliwa, si wa kwanza. Anayeanza na jina la leo na kulitafutia maana atapotea kabla hajafika mbali.

Andaa jedwali lenye safu nane: umbo la jina kama lilivyoandikwa, chanzo chake, tarehe, kipande cha nyuma, kipande cha mbele, kabila, mahali na umbali, na daraja la uhakika. Kila umbo lipate mstari wake hata kama mji ni mmoja.

Hatua ya 1: Pata umbo la zamani kuliko yote

Vyanzo havina uzito sawa. Maandishi ya mawe na sarafu ndiyo bora, kwa sababu hakuna mnakili aliyeyapitia baadaye. Sarafu za mfalme Cunobelinus, zilizopigwa kabla Warumi hawajaivamia Britania mwaka 43 BK, zina herufi CAMV, yaani Camulodunum, Colchester ya leo. Hapo hakuna shaka kwamba jina lilitangulia utawala wa Roma. Jina la York nalo limekutwa kwenye kibao cha mbao cha ngome ya Vindolanda, cha takriban mwaka 95 hadi 104 BK, likiandikwa Eburaci.

Baada ya hapo ndipo vije vitabu. Julius Caesar aliandika habari za vita vyake vya Galia, vilivyoanza mwaka 58 KK. Mwanajiografia Klaudio Ptolemaio alikusanya majina na vipimo vyake takriban mwaka 150 BK. Ni Ptolemaio huyu huyu aliyeitaja Rhapta ya pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo wengi wetu tumeshalisikia jina lake. Aliandika Kigiriki, na ukiona ou katika maumbo yake isome u au v: Lougdounon ni Lugdunum. Kisha kuna Itinerarium Antonini, orodha ya njia na umbali. Notitia Galliarum ya takriban mwaka 400, inayoorodhesha miji ya Galia. Tabula Peutingeriana, ramani ya njia ambayo nakala yake ya zama za kati inahifadhiwa Vienna, Austria. Na orodha ya Ravenna ya takriban mwaka 700. Hii ya mwisho itumie kwa tahadhari kubwa, maana tahajia zake zimeharibika vibaya.

Jambo linalowakwamisha wanaoanza ni kwamba orodha za njia haziandiki jina katika umbo lake la msingi. Utakuta Londinio, Duroverno, Durobrivis. Maumbo hayo yanaonyesha "kutoka" au "katika" mji. Yarudishe hivi: -o mara nyingi hurudi kuwa -um au -us (Londinio ni Londinium, Duroverno ni Durovernum). Kiishio -is ni kigumu zaidi, kwa sababu kinaweza kutoka kwenye -ae, -i au -a ya wingi. Hakuna njia ya kukiamua kwa kukitazama, lazima upate chanzo cha pili. Durobrivis ni Durobrivae.

Hatua ya 2: Kata jina mahali pake

Majina mengi ya Kikelti ni maneno mawili yaliyounganishwa kwa irabu o. Kata baada ya o hiyo: Novio-magus, Samaro-briva, Camulo-dunum, Vindo-bona. Jina la mji likifuatwa na neno linaloishia -orum au -um, hilo ni jina la kabila katika hali ya umilikishi. Lutetia Parisiorum ni Lutetia ya Waparisii. Calleva Atrebatum ni Calleva ya Waatrebates. Liandike kwenye safu yake, usilichanganye na jina la mji.

Usiidharau safu hiyo ya kabila. Bila kabila, Noviomagus haina maana ya mahali popote. Noviomagus Reginorum ni Chichester, Noviomagus Batavorum ni Nijmegen, Noviomagus Nemetum ni Speyer, Noviomagus Lexoviorum ni Lisieux, na Noviomagus Treverorum ni Neumagen kando ya mto Mosel. Vivyo hivyo Mediolanum peke yake kwa kawaida ni Milan, lakini Mediolanum Santonum ni Saintes na Mediolanum Aulercorum ni Évreux.

Pasipo na kiungo wala kipande cha nyuma kinachojulikana (Hatua ya 3), usikate. Londinium imewahi kukatwa kila namna, na hakuna mkato hata mmoja uliokubaliwa na wote. Liache zima.

Hatua ya 3: Tambua kipande cha nyuma

Hapa ndipo penye ardhi imara. Maana zake zinathibitishwa na lugha za Kikelti zilizo hai hadi leo, hasa Kiwelisi (lugha ya Wales) na Kieire (lugha ya Ireland), na unapaswa kuandika neno hilo la ushahidi kando ya kila kipande.

-dunum: ngome, boma lililozungushiwa ukuta. Kieire dún, Kiwelisi din na dinas. Lugdunum, Camulodunum, Virodunum (Verdun), Melodunum (Melun), Cambodunum (Kempten), Singidunum (Belgrade). Usidai kwamba lazima kuwe na kilima; penye ukuta tu neno hili lilitosha.

-briga: kilima, ngome ya kilimani. Kiwelisi bre. Ndiyo alama ya Hispania na Ureno: Conimbriga, Segobriga, Nertobriga. Nje ya huko ni nadra, ingawa Boppard kwenye mto Rhine ilikuwa Boudobriga.

-magus: uwanda, kisha mahali pa gulio. Kieire magh. Rotomagus (Rouen), Rigomagus (Remagen), Durnomagus (Dormagen).

-durum, au duro- ikiwa mbele: lango, na kutokana nalo mji wenye malango au soko lililozungushiwa ukuta. Divodurum (Metz), Autessiodurum (Auxerre), Vitudurum (Winterthur), Salodurum (Solothurn). Britania kipande hiki hukaa mbele zaidi: Durovernum, Durobrivae. Na hapa pana kosa linalorudiwa mno, la kusema duro ni "maji" kwa kuwa Kiwelisi cha leo kina dŵr. Neno la maji lilikuwa dubro-, nalo ndilo lililotoa Dubris, yaani Dover. Ukiona b, ni maji. Isipokuwepo, usiilete.

-briva: daraja. Samarobriva ni daraja la mto Samara, Somme ya leo.

-ritum: kivuko cha maji mafupi, cha kupita kwa miguu. Kiwelisi rhyd. Augustoritum ni Limoges.

-bona: msingi, makazi yaliyowekwa, Kieire cha kale bun husaidia. Vindobona, Augustobona (Troyes), Iuliobona (Lillebonne).

nemeto-: msitu au mahali patakatifu. Augustonemetum ni Clermont-Ferrand. Nemetodurum imekuwa Nanterre.

condate: makutano ya mito. Condate Redonum ni Rennes, na pale mito Ille na Vilaine hukutana kweli.

lindon: ziwa, bwawa. Kiwelisi llyn. Lindum ni Lincoln, penye bwawa la Brayford hadi leo.

-acum: mahali pa mtu fulani au kitu fulani. Eburacum (York), Mogontiacum (Mainz), Turnacum (Tournai). Kiishio hiki kiliendelea kutumika kwa mashamba chini ya Warumi, kwa hiyo peke yake hakithibitishi ukale wa makazi.

Hatua ya 4: Pima kipande cha mbele

Baadhi ni rahisi: novio- mpya, vindo- eupe, medio- katikati, cambo- pinda, sego- nguvu au ushindi, rigo- mfalme, mori- bahari (Moridunum, Carmarthen ya leo). Mengine ni miti: verno- ni mti wa jenasi ya Alnus na eburo- ni wa jenasi ya Taxus, miti ya nchi za baridi isiyo na jina la kawaida kwetu. Mengine ni miungu: Camulos katika Camulodunum, na Lugus, anayekubaliwa na wengi katika Lugdunum.

Neno "wengi" hapo si la kujikinga tu. Kuna orodha fupi ya kale ya maneno ya Kigalia, iitwayo Glosari ya Endlicher, inayofasiri Lugduno kuwa "mlima unaotamaniwa". Mwandishi wa Kigiriki naye alilifasiri kwa kunguru. Nusu ya nyuma ya ile glosari inakaribia ukweli, nusu ya mbele ni kubahatisha. Basi hata watu wa kale waliijua -dunum na kuyumba kwenye Lug-, na wewe usishangae ukiyumba palepale. Andika kipande cha nyuma kwa kalamu na cha mbele kwa penseli.

Augusto-, Caesaro-, Iulio- na Flavio- zina habari ya namna nyingine. Caesaromagus, Augustodunum na Flaviobriga ziliundwa chini ya Warumi kwa kutumia neno la Kikelti lililokuwa bado hai midomoni mwa watu. Zinathibitisha lugha, hazithibitishi kwamba palikuwa na mji kabla ya Roma. Augustodunum, Autun ya leo, ilijengwa wakati wa Augusto, nao Waaedui, kabila la Galia, wakahamia huko kutoka Bibracte, mji wao wa juu ya Mont Beuvray.

Majina ya mito yaache bila tafsiri. Samara, Isara na mengine kama hayo huenda ni ya kale kuliko Kikelti chenyewe. Mwandikie msomaji "daraja la mto Samara" na uishie hapo.

Hatua ya 5: Liweke jina kwenye ardhi

Hifadhidata ya Pleiades iko wazi mtandaoni bila malipo, na hutoa maumbo ya jina, vipindi na majira ya nukta. Itumie, lakini jifunze kupima mwenyewe, kwa sababu mahali pengi pamewekwa kwa kukisia.

Maili ya Kirumi ni takriban kilomita 1.48. Galia ilitumia pia leuga, ambayo ni maili moja na nusu, takriban kilomita 2.22. Tabula Peutingeriana yenyewe inaonya kando ya Lyon: usque hic legas, yaani hadi hapa hesabu ni ya leuga. Ukisoma leuga kama maili, miji yote ya Galia ya kaskazini itajongeleana kwa theluthi moja, na utauweka mji shambani.

Chukua njia ya tatu ya Britania katika Itinerarium Antonini. Kichwa chake kinasema kutoka London hadi bandari ya Dover ni maili 66. Mistari yake: Durobrivis (Rochester) 27, Duroverno (Canterbury) 25, Dubris (Dover) 14. Jumlisha kwanza: 27 na 25 na 14 ni 66, kwa hiyo tarakimu zimekubaliana na kichwa na huenda hazikuharibiwa. Jumla isipolingana, tafuta kosa la mnakili. V iliyopotea au I iliyoongezeka ndiyo ya kawaida. Kisha geuza: 27 mara 1.48 ni kilomita 40, wakati barabara ya London hadi Rochester ni takriban 45. Kumi na nne mara 1.48 ni takriban 21, wakati Canterbury hadi Dover ni takriban 25. Upungufu unaelekea upande mmoja kila mara, na hilo ni jambo jema: kosa la aina moja linaweza kurekebishwa, kosa la kutangatanga haliwezi.

Maliza kwa kuitazama ardhi. Briva bila mto, au condate bila mito miwili, ni dalili kwamba umekosea mahali au umekosea kukata.

Hatua ya 6: Fuata jina hadi leo

Hapa usidhani jina la kale ndilo lililozaa la leo. Kuna njia kadhaa, na kila mji una yake.

Njia ya kwanza ni sauti. Galia, -dunum ilibeba mkazo kwenye du, ndiyo maana dun inasikika bado katika Verdun na Melun, ingawa Lyon imeipoteza d. Katika -magus mkazo ulikuwa kabla yake, Ro-TO-magus, na silabi za nyuma zikafifia hadi Rouen. Kwenye lugha za Kijerumani na Kiholanzi magus imehifadhiwa vizuri zaidi: Remagen, Dormagen, Nijmegen. Hatari iliyopo ni kwamba maneno tofauti huishia kufanana. Noyon ni Noviomagus. Nyon ya Uswisi ni Noviodunum. Hakuna sikio linaloweza kuzitenganisha. Maandishi ya kale tu ndiyo yanayoweza.

Njia ya pili ni kabila kulimeza jina la mji. Kaskazini na katikati ya Galia ndiyo kanuni, na kufikia Notitia Galliarum Lutetia imekwisha kuwa mji wa Waparisii. Ndivyo Durocortorum ilivyokuwa Reims (Waremi), Samarobriva ikawa Amiens (Waambiani), Autricum ikawa Chartres (Wakarnuti), Limonum ikawa Poitiers, Caesarodunum ikawa Tours, Agedincum ikawa Sens. Kwa hiyo ukiwa Amiens usitafute briva ndani ya jina la leo; haimo. Kabila moja laweza hata kutoa majina mawili: Wabiturige walitoa Bourges mkazo ulipokaa kwenye tu, na Berry, jina la jimbo, mkazo ulipokaa kwenye ri.

Njia ya tatu ni Uingereza. Waanglosaksoni walichukua mabaki ya jina na kuyatia ceaster, kutoka Kilatini castra, kambi. Isca ikawa Exeter, Venta Belgarum ikawa Winchester. Durobrivae ilipunguzwa hadi rob, ikawa Hrofesceaster, kisha Rochester. Beda, mtawa wa Uingereza aliyemaliza historia yake mwaka 731, alieleza kwamba jina linatokana na mtu aitwaye Hrof. Maelezo ya namna hiyo, ya mtu asiyetajwa popote pengine, yachukuliwe kuwa simulizi la kufasiri jina na si ushahidi.

Jina laweza pia kutafsiriwa. Briva Isarae, daraja la Isara, sasa ni Pontoise: pont ni daraja, na mto ni Oise. Laweza kufutwa, kama Singidunum ilivyofutwa na Beograd ya Kislavi. Na laweza kuhama. Coimbra ya Ureno imesimama mahali pa Aeminium. Jina lilitoka Conimbriga, kusini yake, pamoja na makao ya askofu yalipohamishwa. Anayechimba Coimbra akitafuta Conimbriga anachimba mji usio wake.

Hatua ya 7: Toa daraja

Toa A kama jina limo kwenye jiwe au sarafu, au katika vyanzo viwili visivyonakiliana, na vipande vyote viwili vinaeleweka. Noviomagus Batavorum ni A. Toa B kama kipande cha nyuma ni hakika na cha mbele kina ubishi: Lugdunum. Toa C kama umbo lenyewe lina shaka au kuna hoja kwamba lugha si Kikelti. Londinium ni C kwa upande wa maana, ingawa mahali pake panajulikana bila wasiwasi wowote. Toa daraja la maana na la mahali, kila moja peke yake.

Usipokee mji kwenye orodha kwa sababu tu uko Galia. Massilia, Marseille ya leo, ilianzishwa na Wagiriki wa Phokaia takriban mwaka 600 KK. Burdigala, Bordeaux, ilikuwa pembezoni mwa Wakwitania, ambao lugha yao haikuwa Kikelti.

Kuhusu kurasa za vitabu vya kale

Wachapaji waliandika mji katika hali ya mahali, inayofanya kazi ya -ni yetu: Lugduni ni "huko Lyon", Rotomagi "huko Rouen", Parisiis "huko Paris", Mediolani "huko Milan". Lirudishe umbo kwanza, kisha usome neno linalofuata kabla ya kuamua. Lugduni pekee kwa kawaida ni Lyon. Lugduni Batavorum ni Leiden, ingawa Lugdunum ya Wabatavi ya wakati wa Warumi ilikuwa karibu na Katwijk, pwani, na wasomi wa baadaye ndio walioipa Leiden jina hilo.

Vienna ndiyo inayowaangusha hata wazoefu. Kwa Kilatini cha kale Vienna ni Vienne ya Ufaransa, mji wa Waalobroge kando ya Rhône. Mji mkuu wa Austria ulikuwa Vindobona, na jina lake la leo wataalamu wengi hulihusisha na mto Wien unaopita hapo, si na Vindobona. Wachapaji wa baadaye waliita miji yote miwili Vienna, wakatofautisha kwa neno la pili: Viennae Austriae, Viennae Allobrogum. Neno hilo lisipokuwepo, angalia jina la mchapaji na mwaka, na usiujaze mji kwenye jedwali mpaka umejua mchapaji huyo alifanya kazi wapi.